Nyuma ya Shuka

Mwaka ule mimi nilikuwa mshika kamba.
Shuka lilikuwa la hospitali, na muhuri wake wa buluu pembeni,
limefungwa kwenye milingoti miwili ya goli
pale uwanjani Kaloleni,
na upepo wa Julai, wenye moshi wa karakana za reli,
ulilivimbisha kama tumbo la mja mzito.
Senti hamsini kwa usiku, na chai.
Kazi yenyewe: likilegea, vuta.

Basi sinema mimi nimeiona kinyume.
Nairobi nzima iliketi mbele, juu ya turubali na matofali,
jenereta ikinguruma kule langoni;
nyuma nilikuwa peke yangu,
upande ambao mkono wa kulia ni wa kushoto
na maandishi yanatembea kama kaa.
Yule daktari mwenye macho ya homa
nilimwona akipanda mnara wake akitokea Makongeni.
Waulize walioketi mbele: wataapa alitokea mjini.

Sauti ya picha ilikuwa imekufia Thika,
spika ziliponyeshewa.
Sauti ilikuwa ya Elkana Wesonga,
karani wa reli mchana, mkalimani usiku,
amesimama kando ya shuka juu ya kreti ya soda,
faneli ya bati mdomoni.
Alikuwa radi. Alikuwa mlango. Alikuwa mbwa.
Alimsemea daktari kwa Kiswahili cha mahakamani:
"Nimeunga mfupa wa huyu na nyama ya yule,
mkono wa mwizi, moyo wa mchunga ng'ombe.
Nani atasema sina akili?"
Mama mmoja akamjibu gizani:
"Akili ni nywele, na zako zinataka kinyozi!"
Tukacheka mpaka kamba ikanichubua.

Kisha kidole kikacheza.

Hata wauza njugu waliacha kuita.
Uso ulioshonwa kama gunia la viazi
ukageuka polepole, ukanitazama mimi,
mimi na kamba yangu.
Na daktari, baada ya kazi ya miaka,
baada ya kufukua makaburi na kuziba madirisha,
akatazama alichokifanya,
akachukua koti lake.

Hapo Elkana alikuwa hodari kupita kiasi.
Aliishusha sauti hadi chini ya kitovu
akalisemea lile jitu lisilo na maneno:
"Baba. Ni mimi. Umeniita, nimekuja.
Sasa mbona unatafuta mlango?"
Makuli wa godauni wakapenga kamasi.
Ijumaa mbili nilikuwa nimemsikia akiyasema hayo,
na Ijumaa zote mbili nililia nimeuma kamba.

Ile ya tatu, kivuli kikapanda juu ya shuka.
Nikadhani utepe umeungua, kama kawaida yake.
Lakini kivuli kilikuwa na kilemba,
kilikuwa na nyonga, na juu ya nyonga mtoto,
kikubwa kuliko mnara,
kikubwa kuliko jitu lililoingia ndani yake na kupotea.
Kerubo, muuza maandazi wa Shauri Moyo.
Hakuwa na faneli, wala hakuihitaji.
"Elkana," alisema,
"hebu mtafsirie na huyu."

Mtoto akapiga chafya.

Ndani ya kivuli chao jitu liliendelea kufungua mdomo,
likafunga, likafungua,
na hakuna kilichotoka.

Uso wa Elkana sikuuona.
Niliona viatu vyake tu juu ya kreti,
viatu vya karani, vimepigwa rangi vikang'aa,
vikigeuka.
Akapita ubavuni mwangu akihema, ananukia karafuu,
faneli bado mkononi.
"Shika kamba, kijana," akaniambia,
"nakwenda kuangalia jenereta."

Jenereta ilikuwa langoni, mbele, inanguruma bila kasoro.
Yeye alishika njia ya relini.